Jina Upande wa Nyuma: Kazi za Lubaina Himid

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Alikuwa na umri wa miezi minne tu baba yake alipofariki kwa malaria, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akambeba mtoto wake akarudi naye Uingereza. Alikulia London, na katika nchi hiyo amefanya kazi ya usanii kwa zaidi ya miaka 40. Ni mchoraji, ni profesa, ni mwandaaji wa maonyesho ya wenzake, na juu ya yote ni bingwa wa sanaa ya usimikaji.

Sanaa hiyo inahitaji maelezo kidogo. Mchoro wa kawaida hutundikwa ukutani, mtazamaji akasimama mbele yake, akaangalia, akapita. Kazi ya usimikaji husimamishwa ndani ya chumba, na mtu huingia ndani yake, akazunguka, akapenya katikati ya vitu, akasikia sauti. Humo huwa na mbao, vitambaa, rangi, maandishi na muziki, na kimoja kikiondolewa kazi nzima hupungua. Anayetaka kuielewa amfikirie mtu aliyeingia kwenye nyumba ya harusi kabla wageni hawajafika: udi umeshafukizwa, mikeka imetandikwa, kiti cha bibi harusi kimepambwa na bado kiko kitupu. Hakuna aliyesema neno, lakini chumba kimeshaeleza nani anangojewa. Himid hufanya kazi namna hiyo. Hupanga chumba mpaka chumba kiseme.

Jicho lake lilifunzwa mapema. Mama yake alimpeleka kwenye makumbusho ya London, na alimpeleka vilevile kwenye maduka makubwa, mara nyingi kwa ajili ya kuangalia tu: kitambaa hiki kimefumwaje, rangi hii imewekwa kando ya ile kwa sababu gani, ua hili linarudi baada ya nafasi gani. Mtoto wa mbunifu wa vitambaa hujifunza kusoma nakshi kabla ya kusoma vitabu. Katika kazi za Himid za miaka yote, nguo inayovaliwa na mtu aliyechorwa imetungwa kwa uangalifu uleule uliotumika kwenye uso wake, na mara nyingine nguo ndiyo inayotoa habari zaidi.

Masomo yake ya kwanza ya juu hayakuwa ya uchoraji. Alisomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia katika Chuo cha Sanaa cha Wimbledon, akahitimu mwaka 1976. Waliowahi kupita nyuma ya pazia la maigizo wanajua kinachokuwapo huko. Jumba la mfalme ni ubao uliopakwa rangi upande mmoja. Nyuma yake kuna kipande cha mti kinachouzuia usianguke, misumari, na pengine maandishi ya fundi yanayosema ubao huo unakaa wapi. Mbele ni hadithi, nyuma ni ukweli wa kazi. Somo hilo Himid hakuliacha chuoni. Sanamu zake nyingi ni mbao zilizokatwa kwa umbo la mtu na kusimamishwa wima, na mtazamaji huwa huru kuzunguka nyuma yake, mahali ambapo kwenye ukumbi wa tamthilia haruhusiwi kufika.

Baadaye alijiunga na Royal College of Art, akamaliza shahada ya uzamili ya historia ya utamaduni mwaka 1984. Tasnifu yake ilihusu wasanii vijana weusi wa Uingereza wa wakati ule. Somo hilo halikuwa na vitabu vingi vya kurejea, kwa sababu majumba makubwa ya sanaa hayakuwa yakionyesha kazi zao na magazeti hayakuwa yakiziandika. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mwaka 1981 mitaa ya Brixton mjini London na Toxteth mjini Liverpool ilikuwa imewaka moto kwa ghasia za vijana waliochoshwa na polisi na ukosefu wa kazi, na serikali ilikuwa mikononi mwa Margaret Thatcher. Msanii kijana mweusi, tena mwanamke, hakuwa na mlango wa kubisha.

Himid akaamua kutafuta kuta mwenyewe. Mwaka 1983 aliandaa maonyesho ya wanawake watano weusi katika Africa Centre, London, kisha mengine makubwa zaidi katika kituo cha sanaa cha Battersea. Yaliyokumbukwa zaidi ni ya mwaka 1985, yaliyofanyika katika Institute of Contemporary Arts, karibu kabisa na kasri la kifalme. Wanawake 11, yeye mwenyewe akiwamo, walipewa nafasi. Lakini hawakupewa ukumbi mkuu. Walipewa kuta za korido, njia ambayo watu hupitia wakielekea kwingine. Himid akayaita maonyesho hayo The Thin Black Line, yaani mstari mwembamba mweusi. Jina hilo lilieleza mambo mawili kwa mpigo: umbo la korido yenyewe, na kiasi cha nafasi ambayo taifa lilikuwa tayari kuwapa. Kati ya wale 11 walikuwamo Sonia Boyce, Claudette Johnson, Ingrid Pollard, Veronica Ryan na Maud Sulter, na pia wenye asili ya India kama Sutapa Biswas na Chila Kumari Burman, kwa sababu neno weusi katika siasa za Uingereza ya miaka hiyo liliwakusanya wote waliobaguliwa kwa rangi. Leo majina hayo yamo katika vitabu vya historia ya sanaa ya Uingereza. Mwaka 1985 yalikuwa kwenye korido.

Kazi zake mwenyewe za kipindi hicho zina hasira na zina raha, na hazifichi moja kwa ajili ya nyingine. Katika Freedom and Change ya mwaka 1984 aliwachukua wanawake wawili wanaokimbia ufukweni, waliochorwa na Picasso mwaka 1922, akawafanya weusi, akawavika nguo za nakshi, akawapa mbwa wa kuwatangulia. Nyuma yao, vichwa vya wanaume wa kizungu vimezama mchangani. Wanawake hao hawageuki kuwatazama.

Kazi iliyoonyesha wazi zaidi kwamba msanii huyu ametoka kwenye jukwaa ni A Fashionable Marriage ya mwaka 1986. William Hogarth, mchoraji wa London wa karne ya 18, alichora mfululizo wa picha sita kuhusu ndoa ya fedha na cheo. Katika ya nne bibi mwenye nyumba anatengenezwa nywele asubuhi huku wageni wamejaa chumbani: mpenzi wake amejilaza kwenye kochi, mwimbaji anaimba, na watumishi wawili weusi wamo, mmoja akiwapa wageni vikombe na mwingine, mtoto, akichezea sanamu ndogo sakafuni. Himid aliitoa picha hiyo nzima nje ya fremu. Kila mtu akawa ubao uliokatwa na kupakwa rangi, wenye ukubwa wa mtu wa kweli. Bibi mwenye nyumba akawa Margaret Thatcher, mpenzi wake akawa Ronald Reagan, rais wa Marekani. Upande wa pili wakakaa watu wa ulimwengu wa sanaa, mhakiki akiwamo kwenye nafasi ya mwimbaji. Na yule mtumishi mweusi mwenye vikombe, ambaye kwa Hogarth alikuwa pambo la chumba, akawa msanii mwanamke mweusi, amesimama wima katikati ya watu wasiomtazama. Kwa miaka 240 na ushei mtumishi huyo alikuwa amewapa watu vikombe bila mtu kumuuliza jina.

Kuanzia hapo swali la mtumishi asiye na jina halikumtoka.

Kwenye miaka ya 1990 alihamia kaskazini, mji wa Preston, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, ambako alipanda hadi kuwa profesa wa sanaa ya kisasa. Kwa wakubwa wa London alikuwa kama ametoweka. Ilikuwa miaka ya kazi nyingi na sifa chache. Aliendelea kuchora, kufundisha, na kukusanya kumbukumbu za wasanii weusi: vipeperushi, barua, picha za maonyesho, karatasi ambazo zisipotunzwa na mtu mmoja mwenye bidii huishia kwenye pipa. Wanaoandika historia ya sanaa hiyo leo wanachota humo.

Mwaka 1997 alirudi Zanzibar, kisiwa alichokiacha akiwa mtoto wa mgongoni. Mtu anayerudi mahali alipozaliwa bila kukumbuka hata mti mmoja hana cha kulinganisha. Kila kitu ni kigeni na kila kitu ni chake. Mwaka 1999 alitoa mfululizo wa michoro alioupa jina la kisiwa chenyewe, michoro iliyokaa miwilimiwili, karibu haina watu kabisa. Mna mistari kama ya madirisha ya mbao yaliyofungwa mchana, mna maji, mna nakshi zinazoanza na kukatika. Ni kazi za msiba uliocheleweshwa zaidi ya miaka 40. Miaka mingi baadaye mwenzake wa kazi, msanii Magda Stawarska, aliitungia michoro hiyo sauti, na mtazamaji sasa huitazama huku akisikia, kama mtu aliyekaa barazani akisikiliza yanayotoka ndani ya nyumba ambayo hawezi kuingia.

Kuishi Lancashire, jimbo la Preston, kulimrudisha kwenye vitambaa kwa njia nyingine. Jimbo hilo lilikuwa kitovu cha viwanda vya pamba duniani, na pamba yake kwa sehemu kubwa ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka kule mwaka 1861, meli za pamba zikakatika na wafanyakazi wa Lancashire wakalala njaa. Hata hivyo mwaka 1862 wafanyakazi wa Manchester walimwandikia Rais Abraham Lincoln kuunga mkono vita dhidi ya utumwa. Katika Cotton.com ya mwaka 2002 Himid alitundika turubai ndogo zaidi ya 80 za nakshi nyeusi na nyeupe, kila moja ikiwa tofauti na ya jirani yake, na mbele yake ukanda wa shaba wenye maneno. Aliwaza nakshi hizo kama mazungumzo kati ya mchuma pamba upande mmoja wa bahari na mfumaji upande wa pili, watu walioshika uzi uleule bila kuonana. Pwani ya Afrika Mashariki inajua mwisho wa tatu wa uzi huo. Kitambaa kilichoitwa merikani kilifika Zanzibar kwa meli kutoka Massachusetts, na pamoja na kaniki ndicho walichovaa watumwa wa kisiwani.

Kazi iliyofuata ndiyo kilele chake, na inastahili kuelezwa taratibu. Naming the Money, jina linaloweza kufasiriwa kama Kuipa Fedha Majina, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2004 katika jumba la Hatton, mjini Newcastle. Ni watu 100. Kila mmoja ni ubao uliokatwa kwa umbo na kimo cha mtu, ukapakwa rangi kali: manjano ya limau, waridi, samawati, kijani cha mgomba. Wamesimama kwa wingi kama watu waliofika kwenye shughuli, na mgeni hana mahali pa kuwatazama kwa mbali. Lazima apite katikati yao, bega kwa bega. Hawa ni Waafrika waliopelekwa kwenye majumba ya kifalme ya Ulaya, wale wanaoonekana pembeni mwa michoro ya zamani wakishika sinia, mwavuli au kamba ya mbwa, waliokuwa wakitolewa zawadi kutoka kwa mfalme mmoja kwenda kwa mwingine kama mtu anavyotoa farasi au saa. Himid amewagawa kwa kazi zao, makundi 10 ya watu 10: wapiga ngoma, wacheza dansi, wapigaji wa zeze kubwa la kizungu, washona viatu, wachora ramani, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, watengeneza vitu vya kuchezea watoto, wafunza mbwa na wachoraji.

Mtu anayefika mbele ya mmoja wao huona kwanza nguo. Mshona viatu ana kiatu mkononi, mpiga ngoma ana ngoma yake, na mikunjo ya suruali na vifungo vya koti vimechorwa na mtu anayejua koti hushonwaje. Halafu mgeni anazunguka. Nyuma, kwenye mgongo wa ubao, imebandikwa karatasi ya mahesabu, ya aina ile mfanyabiashara anayoandikia mapato na matumizi, na juu yake kuna mistari mitano mifupi. Wa kwanza unataja jina lake la kuzaliwa. Wa pili unataja jina alilobandikwa na waliomnunua. Wa tatu unasema alikuwa akifanya nini kwao, wa nne anafanya nini sasa. Wa mwisho unasema kilichobaki kwake, kitu ambacho mwenye nyumba hakukinunua kwa sababu hakukijua: anga fulani, wimbo, mtu anayemkumbuka. Wakati huohuo sauti inayosoma mistari hiyo inasikika chumbani pamoja na muziki, jina baada ya jina, na anayesikiliza muda wa kutosha husikia yote 100.

Mtu wa pwani anayesikia habari hii hawezi kuiweka yote Ulaya. Zanzibar ilikuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, na hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria visiwani hadi 1897. Hapa pia mtu aliyefikishwa kutoka bara alivuliwa jina na kuvishwa jingine, na mara nyingi lilikuwa jina zuri: Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi. Baraka na vito vya thamani, majina ambayo mtu humpa kitu chake. Aliyeitwa nani kabla ya kuvuka maji, mara nyingi hakuna aliyeandika.

Ndipo ile asili ya Zanzibar inapoingia kazini kwa uzito. Anayejua kanga anajua kwamba ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo unaoizunguka. Mji ni uwanja wa katikati. Na yale maandishi yanayokaa chini ya mji huitwa jina. Kanga isiyo na jina hutazamwa kwa rangi yake tu. Yenye jina husomwa, hupelekwa kwa mtu, huzua ugomvi au humaliza. Kanga ilienea Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na wanawake waliotoka utumwani walikuwa miongoni mwa walioivaa kwa haraka zaidi, wakaziacha kaniki na merikani walizovishwa na mabwana. Himid ameitumia kanga waziwazi katika michoro yake ya karatasi ya mwaka 2011 na 2012, aliyoifanya kama kurasa za kitabu cha sampuli kilichopotea. Lakini hata pale ambapo hakuna kanga inayoonekana, mpangilio wake upo. Wale watu 100 wana pindo la nguo zao, wana mji wa uso na mwili, na wana jina lililowekwa mahali ambapo mtu hulipata akishazunguka. Wahakiki wengi wa Ulaya huisoma kazi hiyo kupitia Hogarth na michoro ya kifalme, na hawakosei. Ila anayeisoma kupitia kanga huona kwa nini maandishi yale hayawezi kuwa maelezo ya pembeni.

Watu wote 100 sasa ni mali ya umma: Himid aliwakabidhi kwa makumbusho ya utumwa ya Liverpool, mji ambao utajiri wake wa karne ya 18 ulitokana kwa sehemu kubwa na meli za watumwa.

Mwaka 2007 Uingereza iliadhimisha miaka 200 ya sheria iliyopiga marufuku biashara ya watumwa, na Himid akafanya kazi kwa ajili ya Lancaster, bandari iliyokuwa ya nne nchini kwa biashara hiyo. Swallow Hard ni seti ya vyombo vya mezani, vipande 100: sahani, mabakuli makubwa ya supu, majagi. Ni vyombo vikuukuu alivyovikusanya, akavichora juu ya maua yao ya zamani. Kwenye baadhi kuna nyuso za watumishi weusi, watulivu, wakimwangalia anayekula. Kwenye vingine kuna meli, ramani na majumba ya mji. Na kwenye vingine kuna mabwana na mabibi wanene wenye mawigi, wanatapika. Rangi yenyewe ni ya akriliki, haistahimili chakula, hivyo hakuna atakayekula tena kwenye sahani zile. Ziliwekwa mezani katika nyumba ya makumbusho yenye samani za mahogani ya Karibi, mti ambao nao ulifika Lancaster kwa meli zilezile. Ndani ya nyumba, kwenye meza iliyoandaliwa, hapo ndipo kazi hiyo inapochoma.

Mwaka huohuo alianza kuzihifadhi kurasa za gazeti la Guardian, gazeti linalojulikana kwa msimamo wa haki, akaonyesha jinsi picha ya mtu mweusi ilivyokuwa ikiwekwa kando ya kichwa cha habari kisichomhusu lakini kinachomchafua. Hakuandika malalamiko. Alizipaka kurasa hizo nakshi, akaliacha jicho la msomaji lipelekwe na rangi mpaka palipo na dosari. Kazi hiyo aliifanya kwa karibu miaka 10.

Mwaka 2010 alipeleka Liverpool vikombe vya kuundia jeli, vile vyenye umbo kama kuba, akavichora na kuviita mifano ya mabanda ya bustani ya kuwakumbuka Waafrika waliojenga utajiri wa mji. Sukari ya jeli na sukari ya mashamba ya Karibi ni moja. Mwaka 2017 banda moja kati ya hayo lilijengwa kweli, ufukweni Folkestone, la ukubwa wa kukaa watu ndani.

Mwaka 2017 ndio uliomtoa kwenye ukimya. Maonyesho yake makubwa yalifunguliwa Oxford na Bristol kwa wakati mmoja, na Desemba akatunukiwa Tuzo ya Turner, inayotazamwa kuliko zote katika sanaa ya Uingereza, yenye zawadi ya pauni 25,000. Mashindano yalifanyika mjini Hull. Tangu 1991 tuzo hiyo ilikuwa imewafungia mlango waliofikia miaka 50. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka huo wa 2017, na Himid, akiwa na miaka 63, akawa mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliotangulia na mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Katika alivyovipeleka kwa waamuzi zilikuwamo kazi alizozifanya mwaka 1986 na 2007. Kazi hazikuwa zimebadilika. Waliobadilika ni watazamaji, na ilichukua miaka 31.

Umaarufu haukumpunguzia kasi. Mwaka 2018, katika jumba la Baltic huko Gateshead, alitundika vitambaa vikubwa vilivyotungwa kwa mfano wa kanga, vikiwa na pindo, mji na maneno ya waandishi kama James Baldwin na Audre Lorde. Vilining'inia kama bendera kwa kamba zilizopita kwenye makapi, na wageni waliweza kuvuta kamba, kitambaa kimoja kikapanda na kingine kikashuka, hivyo maneno yakakutana upya kila siku.

Mwaka 2019 ukaja usimikaji wa Old Boat / New Money. Mbao ndefu 32 zimeegemezwa ukutani kwa safu, zimepakwa kijivu cha bahari ya masika, kila moja ikiwa na kete zilizochorwa kwa uangalifu. Kwa mbali ni wimbi linaloinuka. Kwa karibu ni ubavu wa jahazi lililofumuliwa. Kete, ambazo wengine huziita simbi, zilikuwa fedha ya Afrika Magharibi, na watu walinunuliwa kwazo. Nyingi zilitoka Bahari ya Hindi. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizisomba kutoka Zanzibar na pwani yake kwa wingi mno, wakazipeleka magharibi mpaka thamani yake ikaporomoka. Katika kazi hii kisiwa cha kuzaliwa cha msanii na bandari za utumwa za Atlantiki vinakutana ndani ya gamba moja dogo. Tate Modern ya London ilipompa maonyesho makubwa, yaliyofunguliwa Novemba 2021, mbao hizo zilisimama pamoja na sauti ya bahari na miti inayolia kwa kusuguana, na wageni walisimama mbele yake wakiwa kimya.

Sauti katika kazi zake za miaka hii hutungwa mara nyingi pamoja na Stawarska. Katika Blue Grid Test ya mwaka 2020 nakshi 64 kutoka pande nyingi za dunia zimechorwa kwa samawati juu ya vitu vilivyookotwa, vikapangwa ukutani kwa mstari mmoja mrefu. Mwaka 2023 maonyesho yao yalifika Sharjah, kwenye Ghuba, pande ambazo majahazi ya Zanzibar yalikuwa yakizifikia kwa upepo wa kusi.

Mwaka 2025 Himid alichaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Biennale ya Venice ya mwaka 2026, ndani ya jengo ambalo nchi hiyo imelitumia tangu 1909. Mwanamke mweusi wa kwanza kupewa jengo hilo alikuwa Sonia Boyce, mwaka 2022, akarudi na tuzo ya Simba wa Dhahabu. Naye ni mmoja wa wale 11 wa korido. Kiangazi cha 2025 Institute of Contemporary Arts ilimwita tena Himid aandae maonyesho ya kuwakutanisha wasanii walewale baada ya miaka 40, kazi za zamani na mpya pamoja. Maud Sulter, aliyefariki mwaka 2008, alikuwamo kwa kazi zake, na jina lake liliandikwa ukutani pamoja na ya wengine.